Amina ya Mstari wa Mbele

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya chama sikupewa cheo, nilipewa viti. Mratibu wa chama wa Nyamira, mama mmoja mrefu aliyewahi kuwa nesi, alinionyesha lori lililojaa viti vya plastiki akaniambia, "Wewe ni wa jukwaa. Panga." Nikavipanga safu kwa safu, kama nilivyozoea kuona kanisani. Alipokuja kukagua alicheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa huyu mheshimiwa umemkalisha mgongoni mwa adui yake. Umeanzisha vita kabla ya hotuba."

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Nilikuwa nimechuma chai ya baba yangu, na nimefunga vipaza sauti kwenye harusi na matanga mpaka jina langu likawa Fundi. Siasa sikuijua, na hata leo sina hakika kwamba naijua. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoifanya kazi hii kwa simu na kompyuta, si kwa kuwa niliifanya vizuri kuliko wenzangu, bali kwa sababu yapo mambo ya chama ambayo hayamo katika katiba ya chama, nami nilipita karibu nayo.

Mtu wa jukwaa hufika kabla ya wote. Hutafuta mahali ambapo jua halitawapiga wageni usoni, hukodi hema, huweka jenereta mbali ili mlio wake usishindane na msemaji, kisha hupanga viti. Mstari wa mbele ni wa wale ambao chama kinataka waonekane kwenye picha. Mstari wa pili ni wa wale ambao hakiwezi kuwafungia nje. Mfawidhi, yaani anayeongoza shughuli na kuwaita wasemaji, hupewa orodha ya watakaoitwa "kusalimia watu". Usidanganywe na neno hilo. Kusalimia watu ni kuhutubia, na mwanasiasa akinyimwa salamu, afadhali ungemnyima chakula.

Mama Mratibu ndiye aliyenifundisha jinsi chama kinavyojitenga na mtu wake aliyeanza kusema maneno ya hatari. Hakimfukuzi. Kiti chake kinarudi safu moja nyuma. Sura yake inatoka kwenye bango. Mfawidhi anajifanya amemsahau. Ikizidi sana, ofisi ya Nairobi hutoa taarifa kwa wanahabari kwamba matamshi yake ni ya mtu binafsi na si msimamo wa chama. Huku mashinani kura zake zinaendelea kuhesabiwa kuwa zetu.

"Na watu wanaotukanwa?" nilimwuliza siku moja tukikunja mahema.

"Hao hawakai jukwaani, Fundi. Ndiyo shida."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Alikuwa mkali, tena hakupenda kuulizwa swali mara mbili, lakini sikumwona hata mara moja akimcheka mtu aliyenyimwa kiti. Alipostaafu nilihamishiwa Kisii.

Kisii nilikuwa chini ya Mwenyekiti wa tawi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, pamoja na wale waliompinga. Alinifunza itifaki ya mjini. Jumamosi hakuna mkutano, kwa sababu ya Wasabato. Mkatoliki akifungua kwa sala, Msabato afunge, na mkutano ujao wabadilishane. Aliyashika hayo kama alivyokuwa akishika kengele ya shule. Hakupenda kelele wala aibu. Nilimheshimu, na sijaacha.

Katibu wetu wa Vijana alikuwa kijana aliyeitwa Radi, jina alilopewa kwa sauti yake. Nataka nimtendee haki, maana watu wengi wakimtaja sasa huanzia mwisho. Radi ndiye aliyekusanya vijana wakafukua mtaro wa Suneka kwa majembe, kaunti ilipochelewa. Mke wangu alipolazwa, Radi alifika hospitalini kabla ya ndugu zangu. Na alipolalamika kwamba vibanda vya soko vinagawiwa kwa kujuana, alikuwa anasema kweli. Kosa lake lilikuwa pale alipotafuta wa kulaumiwa. Hakuwataja waliogawa vibanda, ambao aliwajua kwa majina. Aliwataja akina mama wa samaki wanaotoka ziwani, ambao wengi wao hawana kibanda chochote, wanauza kwenye meza ya mbao na beseni.

Alianzia Suneka. Alisema, "Soko lina wenyewe, na wenyewe ni sisi." Vijana wakapiga mbinja. Nairobi ikatoa taarifa ya mtu binafsi, nasi tukaletewa maagizo ya kumpunguza. Nikarudisha kiti chake nyuma. Mkutano uliofuata ulikuwa Daraja Mbili, ukingoni mwa soko, na Mwalimu aliniita ofisini tupange.

"Akishika maikrofoni ataharibu," alisema. "Nikimnyima kabisa, vijana wake wataondoka mkutano ukiwa nusu."

"Sasa tufanyeje, Mwalimu?"

Alifikiri, akatabasamu kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Zamu ya kufunga kwa sala ni ya Wasabato. Radi ni Msabato. Apewe sala ya kufunga. Ataonekana, hatahutubia. Sala haina siasa."

Sikuwa na hoja ya kupinga. Kwetu mtu akisema "tuombe", hata mlevi huvua kofia. Tulihesabu kwamba heshima hiyo ingemfunga Radi. Hatukuona kwamba ingetufunga sisi.

Mkutano ulikwenda salama. Mwalimu alihutubia kuhusu barabara na bei ya majani chai. Kisha mfawidhi akamwita Radi, watu wakasimama, wakafumba macho. Alianza taratibu. Aliombea wagonjwa, mvua, watoto wa mitihani, na kila alipovuta pumzi watu walisema Amina. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akasema: "Na soko hili, Baba, ulitoe mikononi mwa wageni. Kila mwenye beseni lisilo la hapa, mtie hofu usiku na mchana, alibebe arudi kwao. Na mkono wa kijana atakayekusaidia kazi hiyo, Bwana, uubariki."

Umati ukasema Amina. Mstari wa mbele ukasema Amina. Mwalimu, kichwa kimeinama, alisema Amina.

Mimi sikusema, lakini msinipe sifa. Waya mmoja ulikuwa umeanza kuchomoka na nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili. Ningeuachia, sauti ingekatika. Wazo hilo lilikuja na kupita. Mpaka leo sijui kama ningefanya vizuri kumkata mtu katikati ya sala mbele ya umati ule, au kama tungekanyagana. Naliacha hivyo.

Siku ya soko iliyofuata, meza tatu za samaki zilipinduliwa na samaki wakatupwa mtaroni. Walioangusha sikuwaona, na sitasema ni vijana wa Radi kwa sababu sina ushahidi. Radi mwenyewe siku hiyo alikuwa matangani Birongo, watu walimwona. Nairobi ilitoa taarifa kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu akaniambia niipeleke taarifa hiyo kwa Mama Apiyo, aliyekuwa kama mkubwa wa akina mama wa samaki, ili ajue chama kimelaani.

Nilimkuta akisugua meza yake kwa majivu. Alikuwa ameuza hapo tangu binti yake wa kwanza akiwa mgongoni, na Ekegusii, lugha yetu, alikisema vizuri kuliko watoto wangu, hivyo nikamsalimu kwa lugha hiyo.

"Mbuya, Mama Apiyo."

"Mbuya mono, Fundi. Umeleta hema au umeleta maneno?"

"Maneno. Ni ya chama." Nikamsomea kwenye simu. Matamshi yale ni ya mtu binafsi, na hayawakilishi msimamo wa chama.

Aliendelea kusugua. "Rudia hapo kwa mtu binafsi."

Nikarudia.

"Sala ilikuwa ya mtu binafsi, sawa. Na Amina ilikuwa ya nani?"

Nikatia simu mfukoni.

"Mimi nilikuwa pale, Fundi. Nilikuwa nimeinama na beseni langu miguuni. Nilidhani anaombea mvua. Amina yangu ilikuwa imefika hapa," akagusa koo, "ndipo nikasikia neno beseni. Nikaimeza. Nikafungua macho niwaone wazee wa mbele. Nikasema, Mwalimu atamkatiza. Mwalimu amenifundishia watoto wawili. Akasema Amina, tena vizuri, kama mtu aliyeshiba."

"Chama kimekana, Mama."

"Kwenye simu. Mimi sikuombewa nifukuzwe kwenye simu. Niliombewa hapa." Aliweka kitambaa chini. "Hawa wenzangu wanataka tuondoke mwisho wa wiki. Nimewaambia wangoje kidogo. Sijui nawaambia wangoje nini. Kawaulize wenye chama."

Nilirudi ofisini kwa miguu, nikijiuliza mimi ni nani hata nimwambie mwalimu mkuu lililo sahihi. Lakini ujumbe ulikuwa umetumwa nami, ilibidi niufikishe ulivyo. Nikamweleza Mwalimu kila neno, na lile la kushiba pia. Simu ikalia. Ilikuwa Nairobi, Naibu Katibu Mkuu, simu ikiwa kwenye spika tukimsikia wote.

"Mfukuzeni leo jioni. Tutatangaza, yaishe."

Mwalimu alikuwa tayari kukubali. Hapo nikasema, "Katiba ya chama inasema aitwe asikizwe."

"Huyo ni nani?" Nairobi ikauliza.

"Ni mtu wa jukwaa," Mwalimu akasema.

"Mtu wa jukwaa sasa ni mwanasheria?"

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Mimi husoma tu karatasi ninazotumwa kubandika ukutani."

Naibu Katibu Mkuu alicheka kidogo, na kwa haki yake niseme kwamba alikubali. Radi akaandikiwa barua ya kujieleza, ambayo ni barua ya kumtaka mwanachama aonyeshe kwa nini asichukuliwe hatua, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nilipanga chumba. Mjumbe mmoja alitaka Radi akalie stuli. Nikampa kiti chenye mgongo, sawa na vya wengine. Mtu akihukumiwa kwenye stuli, baadaye atasema alihukumiwa na stuli.

Radi alikuja na tai. Alisikiliza mashtaka bila kumkatiza mtu. Kisha akasema, "Wazee wangu, mimi niliomba. Ombi ni mali ya anayeombwa, Mungu angeweza kulikataa. Lakini nyinyi hamkungoja Mungu. Nyinyi mlilipitisha." Akawaangalia mmoja mmoja. "Mwalimu, kuna video. Mdomo wako naujua, ulinichapa darasa la sita ukisema silabi kwa silabi. A-mi-na. Sasa mnanifukuza mimi kwa hoja tuliyoipitisha wote?"

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine alicheka, akajuta.

"Na akina mama wale?" Mwalimu akamwuliza. "Ulitaka wapatwe na nini?"

"Nilitaka waondoke."

"Bado unataka?"

Radi hakukwepa. "Bado nataka. Vijana wangu watauzia wapi?"

Kikao kikaahirishwa kidogo. Mwalimu alinikuta kwenye ngazi.

"Ametufunga, Fundi."

"Amesema nusu ya kweli, Mwalimu. Tukimpa nusu yake, tutabaki na nguvu ya kumnyima ile nyingine."

"Nusu yake ni ipi?"

"Amina."

Alielewa. Nilimwona akielewa, na nilimwona akiogopa. "Unataka nikasimame Daraja Mbili niseme nilikosea. Mbele ya watu walewale. Unajua hiyo ni kura ngapi?"

"Sijui. Najua tu kwamba Mama Apiyo anangoja mpaka mwisho wa wiki."

"Na nikisema hapa kamatini, ikaandikwa?"

"Yeye hayumo kamatini."

Akashika ukuta wa ngazi, akatazama chini barabarani. "Mke wangu ataniuliza kama nimerogwa," alisema. Kisha akarudi ndani, na kamati ikamfukuza Radi chamani kwa kura za wote isipokuwa mmoja. Yule mmoja alisema wazi kwamba anampenda Radi kama mwanawe, na sikuona ubaya katika kusema hivyo.

Siku ya soko sikuweka hema. Mwalimu alikataa viti na mfawidhi. Niliweka kipaza sauti kimoja, kikielekea upande wa samaki na upande wa ndizi pia. Alisimama juu ya kreti ya soda akiwa na koti lake la kanisani.

"Wiki iliyopita nilisimama hapa," alisema. "Niliinama nikasikia kila neno la sala ile. Hakuna lililonipita. Ningeweza kunyamaza. Nilisema Amina kwa sababu watu wote walikuwa wanasema, na kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Ile Amina yangu leo naiondoa. Hawa mama ni wenye soko kama mimi. Aliyeomba wafukuzwe si mwanachama wetu tena, na anayetaka kulitekeleza ombi hilo asitupigie kura."

Watu walizomea. Si wote, ila walitosha. Mwendesha bodaboda mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, Amina hairudishwi kama chenji!"

"Basi yako baki nayo, tata, mwanangu," Mwalimu akamjibu. "Mimi nazungumzia yangu."

Wengine wakacheka, na kicheko hicho kilituokoa. Mzee mmoja muuza ndizi, aliyekuwa nyuma kabisa, akainua mkono kama mtoto darasani. "Na yangu pia iandikwe imetoka." Kisha mama mmoja wa mitumba. Kisha watu wachache zaidi, wengi wao wakiwa hawatazamani. Sitaki kusema soko zima lilitubu. Wengi waliendelea kupima nyanya. Mama Apiyo hakupiga makofi wala hakuja kumshukuru mtu. Alifungua gunia, akapanga samaki juu ya meza, na wenzake wakapanga pia.

Gharama ililipwa. Vijana walitutoka. Radi alisimama kama mgombea huru, maana yake bila chama, akachukua wadi, nasi tukashindwa vibaya. Mwalimu aliondolewa uenyekiti na wajumbe wa kwake mwenyewe. Meza za samaki hazikuguswa tena. Kama ni kwa ajili ya maneno ya Mwalimu au kwa ajili ya askari wawili waliowekwa pale, mimi siwezi kuapa.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, mwenyekiti mpya, mfanyabiashara mwenye haraka na moyo mzuri, aliniita.

"Omogaka, mzee wangu, tuna furaha kubwa. Radi anarudi nyumbani. Tunampokea Daraja Mbili. Nataka jukwaa ambalo hujawahi kulipanga."

"Atasema nini kuhusu ile sala?"

"Aa, hiyo ni ya zamani. Amekomaa. Hajairudia hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu achaguliwe, Radi alikuwa amejenga choo cha soko, na akina mama wa ziwani walikitumia bila kuulizwa kwao ni wapi. Nililipima usiku kucha. Inawezekana mtu akabadilika bila kutangaza, na mimi si mpimaji wa mioyo. Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti.

"Nitapanga jukwaa," nilimwambia, "ikiwa Radi mwenyewe atasema pale kwamba ombi lile amelifuta. Maneno machache tu. Akiyasema, nitamweka mstari wa mbele kwa mikono yangu."

Alimpigia nikiwa nimeketi. Waliongea, akakata simu. "Anasema akisema hivyo atawapoteza waliompenda kwa sababu ile."

"Basi bado wapo naye."

"Omogaka, siasa ni kujumlisha."

"Ni kweli. Mtafute mtu mwingine wa kupanga viti."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe na bila ugomvi. Tulipeana mikono, na yeye alinitumia mtu wa kunisaidia kubeba vyombo vyangu. Vijana mnaoniuliza kama chama kinaweza kujitenga na mtu wake, jibu langu ni hili, nanyi mlipime. Kinaweza, ila si kwa kukisogeza kiti chake wala kwa taarifa. Nendeni pale maneno yaliposemewa, wawepo walioumizwa na wawepo walioshangilia, na anayesema awe yule aliyeitikia. Mkiona hamwezi kulipa hiyo bei, angalau msiwaambie watu kwamba mmejitenga.

Siku ya kumpokea Radi nilishuka sokoni kununua samaki, kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya kununua samaki. Vipaza sauti vilikuwa vimewekwa vibaya, vinakoroma. Mama Apiyo alikuwa anafunika meza yake, wingu la alasiri lilikuwa limeshuka.

"Wamemrudisha," alisema bila kuinua kichwa.

"Wamemrudisha."

"Na wewe mbona hauko kule?"

"Nimetoka."

Alinitazama, akachagua samaki, akamfunga kwenye gazeti. Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati. Akasogeza beseni lake kando kwa mguu, pakabaki nafasi ya mtu mmoja chini ya turubai.

"Ingia," akasema. "Simama hapa mpaka iishe."